Vimeng'enya na Saratani ya Matiti: Katika Uvimbe, Katika Mafuta na Katika Ini



Nilipoombwa kuzungumza mbele ya hadhara hii juu ya vimeng'enya na saratani ya matiti, nilifahamu mara moja kwamba maudhui haya huwatisha watu, kwa kuwa nusu yake ni maradhi yanayohofiwa katika kila nyumba, na nusu ya pili ni ilimu ya kemia ambayo wengi wetu tuliiaga siku tulipofunga madaftari ya shule. Hata hivyo niliitikia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nina neno moja ambalo natamani liwafikie wake kwa waume, waliosoma na wasiosoma. Neno lenyewe ni kwamba matibabu ya saratani hii, tangu kisu hata kidonge, yamesimama juu ya kazi ya vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo havimo ndani ya uvimbe peke yake, bali vimo pia katika mafuta ya mwili na katika ini la mgonjwa; hivyo tabibu anayeujua uvimbe asimjue mwenye uvimbe ameijua nusu tu ya maradhi anayoyatibu.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwayo. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki idadi ya wagonjwa ni ndogo kuliko ya Ulaya kwa kila wanawake laki moja, walakini sehemu ya wanaokufa miongoni mwa wanaougua ni kubwa zaidi, na sababu zake si siri: wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kuenea, na wengi miongoni mwa wanaofika hutibiwa kwa dawa iliyochaguliwa kwa kukisia.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila ya yenyewe kutumika ikaisha. Mtu akitafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha taratibu, bila ya pupa ya kumeza, baada ya muda atahisi utamu ukizuka kinywani ambao haukuwapo alipokitia mdomoni, na utamu huo ni wanga uliovunjwa na kimeng'enya cha mate ukawa sukari. Maelfu ya kazi kama hiyo yanafanyika katika kila seli ya mwili kwa kila nukta, kila kazi na kimeng'enya chake, na zote kwa jumla ndizo zinazokigeuza chakula kuwa nguvu, nyama, damu na homoni. Saratani haikuleta vimeng'enya vigeni kutoka nje. Inavitumia vile vile tulivyozaliwa navyo, ila kwa wingi usio wa kawaida na kwa makusudi yake yenyewe, na hapo ndipo ilipo taabu ya kuitibu, maana sumu inayokilenga kimeng'enya cha saratani hukikuta kimeng'enya hicho hicho katika utumbo, katika uboho na katika mizizi ya nywele.

Naanza na uvimbe wenyewe. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kijerumani Otto Warburg, aliyekuwa akifanya kazi Berlin na ambaye mwaka 1931 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya kimeng'enya cha upumuaji, alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa panya, akaviweka katika vyombo vya kupimia hewa, akaona jambo lililomshangaza. Seli ya kawaida ikipata hewa ya kutosha huichoma sukari ya glukosi mpaka mwisho, ikatoa maji na hewa ya ukaa. Lakini seli za uvimbe, hata zilipozungukwa na oksijeni tele, ziliishia njiani, zikameza glukosi nyingi mno na kutoa asidi ya laktiki, asidi ile ile inayoyatia ukali maziwa ya mgando. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuielewa habari hii upesi. Mgema anayeteremsha tembo lake alfajiri, likiwa tamu, anajua kwamba likikaa hata jioni utamu utakuwa umepungua na ukali umezidi, kwa kuwa hamira iliyomo humo imeimega sukari bila ya kuichoma. Hatua 10 za mwanzo za kuimega sukari katika tembo ni zile zile zinazofuatwa katika misuli yetu na katika saratani, na vimeng'enya vyake ni vya ukoo mmoja. Tofauti iko kwenye kikomo tu, kwani hamira humalizia kwa kileo na seli zetu humalizia kwa asidi ya laktiki.

Warburg alidhani kwamba chanzo cha saratani ni kuharibika kwa mitokondria, yaani vile viungo vidogo vya upumuaji vilivyomo ndani ya seli, na katika hili alikosea, kwa maana seli nyingi za saratani zina mitokondria zilizo nzima na zinafanya kazi. Kwa nini basi seli iache njia inayoipa takriban molekuli 30 za nguvu kwa kila glukosi moja, ifuate njia inayoipa 2 tu? Jawabu linalokubaliwa na wengi siku hizi ni kwamba seli inayotaka kugawanyika upesi haina haja ya nguvu peke yake, ina haja pia ya malighafi ya kujengea utando wake, protini zake na DNA yake, na glukosi isiyochomwa mpaka mwisho ndiyo inayoacha malighafi hiyo.

Uchunguzi wa Warburg umezaa chombo ambacho leo kinatumika katika hospitali kubwa za ulimwengu, na Nairobi nayo imo. Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa, kisha hudungwa glukosi iliyotiwa florini yenye mnururisho. Heksokinasi, kimeng'enya cha kwanza katika njia ya sukari, huipokea glukosi hiyo ya bandia na kuitia alama yake ya fosfeti, lakini kimeng'enya kinachofuata hakiwezi kuishughulikia, nayo ikishatiwa alama haiwezi kutoka tena ndani ya seli. Basi hurundikana pale penye uvimbe, na mashine huupiga picha mng'aro wake popote ulipojificha, katika mifupa, katika ini au katika mapafu. Florini hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya dakika 110 au karibu yake, na kwa sababu hiyo haiwezi kuagizwa kutoka mbali ikakaa ghalani. Haina budi kutengenezwa karibu na inapotumika.

Hapa naomba ruhusa ya kusimama kidogo, kwa sababu habari hii ya sukari imepotoshwa, na upotofu wake unaua. Nimepata kuzungumza na bibi mmoja aliyekuwa katikati ya kemotherapi, ambaye jirani zake, kwa mapenzi na huruma, walikuwa wamemkataza chai ya sukari, wali, ndizi na maembe. Alikuwa amekonda hata pete yake ya ndoa ameizungushia uzi kwa ndani ili isimponyoke kidoleni. Aliniuliza, "Mwanangu, si nyinyi wenyewe mliosema kwamba saratani inakula sukari?" Nikamjibu, "Naam, bibi, inakula. Na moyo wako unakula, na ubongo wako unakula. Ukiacha kula wewe, ini lako litaitengeneza sukari hiyo hiyo kutokana na nyama ya mwili wako, saratani ipate haki yake, na wewe ndiye utakayebaki bila ya nguvu za kuipokea dawa." Mgonjwa wa saratani anahitaji chakula cha kutosha na chenye kujenga mwili, na jamaa anayemnyima mgonjwa uji kwa jina la Warburg hakumfahamu Warburg.

Na wala msidhani kwamba wataalamu hawakujaribu kuipiga saratani kwa upande huo. Metformini, dawa ya kisukari iliyo rahisi na inayojulikana katika kila duka la dawa, hupunguza sukari na insulini katika damu, na katika maabara ilionekana kuzidhoofisha seli za saratani. Basi jaribio kubwa likafanywa katika Kanada, Marekani, Uingereza na Uswisi, kwa watu 3,649 wenye saratani ya matiti ambao hawakuwa na kisukari, nusu wakapewa metformini kwa miaka 5 na nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliokuwa na uvimbe unaotegemea homoni, au ule usiotegemea, hawakupata faida yoyote ya kuzuia maradhi yasirudi. Mimi nalihesabu jaribio hilo kuwa miongoni mwa kazi za heshima kubwa katika tiba ya zama zetu, kwa kuwa limewaokoa maelfu ya watu na tumaini lisilo na msingi. Mwenye kisukari na anywe metformini yake kwa ajili ya kisukari.

Walakini iko dawa iliyokilenga kimeng'enya cha uvimbe na ikafaulu, na historia yake inatugusa sisi. Metotreksati hukizuia kimeng'enya kinachoitayarisha folati, ambayo bila yake seli haiwezi kutengeneza DNA mpya. Mwaka 1951 Daktari Jane Cooke Wright, mwanamke Mmarekani mweusi aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Harlem, New York, pamoja na wenzake, alionyesha kwamba dawa ya namna hiyo inaweza kuupunguza uvimbe wa saratani ya titi, na hilo lilitokea wakati ambao matabibu wengi waliamini kwamba uvimbe mgumu hauna dawa isipokuwa kisu na mionzi. Mwaka 1961 bibi huyo alikuja Kenya kuwatibu wagonjwa wa saratani. Miaka 15 baadaye, katika mwaka 1976, Gianni Bonadonna wa Milano alitangaza kwamba metotreksati ikichanganywa na dawa nyingine mbili na kutolewa baada ya upasuaji huwapunguzia wanawake hatari ya maradhi kurudi. Naona haya kidogo kusema kwamba katika shule zetu jina la Wright halitajwi, ilhali ni la kutajwa.

Sasa nauacha uvimbe, naingia katika mafuta ya mwili, na hapa ndipo ilipo sehemu ya habari hii ambayo mimi naiona kuwa tukufu kuliko zote. Katika mwaka 1895 George Beatson, tabibu wa upasuaji wa Glasgow, ambaye alikuwa amepata habari za wafugaji waliowatoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yao yasikatike, aliwaza kwamba lazima uko uhusiano baina ya ovari na ziwa, akamtoa ovari mwanamke kijana ambaye saratani yake ilikuwa imerudi baada ya kukatwa. Uvimbe ulinywea. Mwaka uliofuata aliitangaza habari hiyo katika jarida la Lancet, na hapo homoni ya ovari iitwayo estrojeni ilikuwa haijatambuliwa bado na mtu yeyote duniani. Tabibu alikuwa amekata mkono wa asiyemwona.

Lakini tatizo lilibakia kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ambao ovari zao hazitoi tena estrojeni ya maana, na bado saratani zao nyingi huishi kwa homoni hiyo. Inatoka wapi? Katika miaka ya 1950 Charles Huggins wa Chicago na wengine waliwatoa wagonjwa tezi zilizo juu ya figo, na baadhi yao walipata nafuu, kwa gharama kubwa, maana mtu aliyetolewa tezi hizo hawezi kuishi bila ya dawa maisha yake yote. Baadaye ikabainika kwamba tezi hizo hazitoi estrojeni yenyewe. Zinatoa homoni zilizo jamaa na za kiume, na homoni hizo zikifika katika mafuta, katika misuli, na hata katika mafuta ya titi lenyewe, hukutana na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huzigeuza kuwa estrojeni. Kumbe haikuwa na haja ya kumkata mtu tezi: ilitosha kukifunga kimeng'enya.

Aliyeishika fikra hiyo kwa mikono miwili ni Angela Brodie, mwanakemia mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Marekani, kwanza Massachusetts pamoja na mumewe Harry, kisha katika Chuo Kikuu cha Maryland. Katika miaka ya 1970, wakati ambapo wengi hawakuuona umuhimu wa kazi yake, alitengeneza kemikali inayofanana na homoni ambayo aromatasi imezoea kuipokea, ikaingia mahali pake na kukizuia kimeng'enya kisifanye kazi. Kutokana na njia aliyoifungua zimekuja dawa tatu ambazo leo ziko katika maduka ya dawa ya miji yetu, anastrozoli, letrozoli na eksemestani. Hesabu ya pamoja ya majaribio yaliyowahusu wanawake zaidi ya 31,000 waliokwisha kukoma hedhi, iliyochapishwa mwaka 2015, ilionyesha kwamba waliotumia dawa za namna hii kwa miaka 5 walipunguza hatari ya kufa kwa saratani ya matiti katika miaka 10 kwa takriban asilimia 15 wakilinganishwa na waliotumia tamoksifeni, dawa nyingine ya homoni nitakayoieleza mbele. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliitia anastrozoli katika orodha ya dawa za lazima. Dawa hizi zina taksiri zao, maana huumiza viungo na kupunguza uimara wa mifupa, na mwanamke anayezitumia ana haki ya kuambiwa hayo kabla hajameza kidonge cha kwanza, asije akadhani kwamba maumivu ya magoti ni saratani iliyotembea.

Katika habari hii ya aromatasi mna mambo mawili yanayowahusu wanawake wetu hasa. La kwanza ni kwamba mafuta ya mwili ni kiwanda cha estrojeni, na mwanamke mnene aliyekwisha kukoma hedhi ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii. Katika miji yetu, ambamo unene umezidi na bado watu huuhesabu kuwa dalili ya raha na neema, neno hili halina budi kusemwa waziwazi, bila ya kumfedhehesha mtu. La pili ni la hadhari kwa matabibu. Wanawake wengi wanaougua saratani hii katika Afrika ya Mashariki bado wanaona hedhi, na kwa mwanamke wa namna hiyo kidonge cha anastrozoli au letrozoli peke yake hakifai: estrojeni ikipungua kidogo, tezi iliyo chini ya ubongo huziamuru ovari zifanye kazi kwa nguvu zaidi, hata letrozoli hiyo hiyo hutumiwa na matabibu wa uzazi kuwasaidia wanawake wanaotafuta mtoto. Kabla ya kumpa dawa hizo sharti ovari zinyamazishwe, kwa sindano au kwa upasuaji. Mwanamke wa miaka 38 anayeandikiwa letrozoli bila ya kuulizwa habari za hedhi yake amedhulumiwa, ingawa dawa ni nzuri na aliyeiandika hakukusudia ubaya.

Nakuja sasa kwenye ini, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko tulikosahauliwa. Dawa inayotumiwa zaidi kwa wanawake wetu wenye uvimbe unaotegemea homoni ni tamoksifeni, iliyotengenezwa mwaka 1962 na Dora Richardson katika maabara za kampuni ya ICI huko Cheshire, Uingereza, katika kazi iliyokusudiwa kupata dawa ya kuzuia mimba. Kwa muradi huo haikufaa kitu. Katika mwaka 1971 Mary Cole na wenzake wa Hospitali ya Christie, Manchester, walitangaza kwamba katika wanawake 46 wenye saratani ya titi iliyoenea, 10 walipata nafuu kwayo, na toka hapo dawa hiyo imewaokoa wanawake wengi mno, nayo ni rahisi na hunywewa nyumbani. Lakini tamoksifeni kama inavyomezwa ni dhaifu. Kazi yake kubwa huanza baada ya kupita katika ini, ambako vimeng'enya viwili, kimoja kiitwacho CYP3A4 na cha pili CYP2D6, huigeuza kwa zamu mpaka itoke endoksifeni, ambayo hushikamana na kipokezi cha estrojeni, yaani mahali katika seli ambapo homoni hiyo hujishika, kwa nguvu mara nyingi zaidi. Basi mtu ambaye CYP2D6 yake ni dhaifu humeza kidonge kile kile anachomeza mwenzake, na damu yake hupata endoksifeni kidogo kuliko ya mwenzake.

Na CYP2D6 haiko sawa kwa watu wote. Katika Ulaya kiasi cha watu 5 hadi 10 katika kila 100 hawana kabisa kazi ya kimeng'enya hiki, na vipimo vya kwanza vilitengenezwa kuwatafuta hao. Katika Afrika watu wa namna hiyo ni wachache, na aliyetazama kwa kipimo cha Ulaya angesema kwamba sisi tumesalimika. Lakini mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe, pamoja na wenzake wa Sweden, aligundua kwamba Waafrika wengi wana namna yao ya jeni hii, iliyopewa namba 17, ambayo haikiui kimeng'enya bali hukipunguzia kazi. Na miaka michache baadaye uchunguzi uliofanywa juu ya Watanzania weusi ulithibitisha kwamba uwezo wao wa kuzigeuza dawa kwa njia hii umepungua, na kwamba jeni za namna hiyo zimo kwao kwa wingi. Kinyume cha hayo, Wahabeshi wengi wana nakala zaidi ya mbili za jeni iliyo nzima, na ini lao hufanya kazi hii kwa kasi kupita kiasi. Hizi ni nchi mbili zisizokuwa mbali, zenye wanawake wanaopewa kidonge kimoja kwa kipimo kimoja, miligramu 20 kwa siku.

Insafu yanilazimu niseme kwamba wataalamu hawajaafikiana juu ya uzito wa jambo hili. Baadhi ya tafiti zimeona kwamba wanawake wenye CYP2D6 dhaifu hurudiwa na maradhi zaidi, na tafiti nyingine kubwa zilizochapishwa mwaka 2012 hazikuona tofauti hiyo, na kwa hiyo mamlaka nyingi hazikuamuru kila mgonjwa apimwe. Lakini tafiti za pande zote mbili zilifanywa zaidi kwa wanawake wa asili ya Ulaya, na haki yetu haiwezi kukatwa kwa ushahidi ambao sisi hatukuitwa kuutoa.

Yako mambo mengine ya ini ambayo hayana ubishi mkubwa, na tabibu wa wilaya anaweza kuyafanyia kazi kesho asubuhi bila ya mashine yoyote. Wanawake wanaotumia tamoksifeni hupatwa na joto la ghafla mwilini, na baadhi yao hupatwa na sonona. Wakipewa paroksetini au fluoksetini kuwatuliza, dawa hizo hukifunga CYP2D6 na kuwafanya wawe mfano wa watu waliozaliwa bila ya kimeng'enya hicho, ilhali ziko dawa nyingine za kutuliza zisizo na madhara hayo. Aidha iko rifampisini, dawa ya kifua kikuu, maradhi ambayo sisi tunaishi nayo. Rifampisini huviamsha vimeng'enya vya ini vifanye kazi kwa nguvu, na katika uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima wa afya ilionekana kukipunguza kiasi cha tamoksifeni katika damu kwa zaidi ya robo tatu. Mwanamke anayetibiwa saratani katika jengo moja na kifua kikuu katika jengo la pili, na kadi mbili zisizokutana, anaweza kuwa anameza tamoksifeni kila siku bila ya kupata faida yake. Kadi hizo na zikutanishwe.

Kadhalika kapesitabini, kidonge cha kemotherapi ambacho mgonjwa hupewa akaenda nacho kwao. Mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, na zaidi ya asilimia 80 ya fluorourasili huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho DPD. Mtu ambaye DPD yake ni pungufu hubaki na sumu hiyo mwilini, akaharisha, akatoka vidonda kinywani, chembe nyeupe za damu zikaanguka, na asipowahiwa huenda akafa kwa dawa kabla ya maradhi. Tangu mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya limependekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza. Lakini kasoro nne za jeni zinazotafutwa aghalabu katika kipimo hicho ziliteuliwa kutokana na watu wa Ulaya, na iko kasoro nyingine, inayopatikana kwa watu wachache katika kila mia wa asili ya Kiafrika, ambayo kipimo hicho hakiioni. Mfaransa ameifuata njia nyingine, ya kupima katika damu urasili, kitu ambacho DPD hukivunja, nayo hukipima kimeng'enya kwa kazi yake na haiulizi mtu ametoka kwa babu gani. Kwa rai yangu hiyo ndiyo inayotufaa sisi.

Sitakaa sana juu ya utafiti unaoendelea. Mwaka 1994 Francis Kuhajda na wenzake wa Johns Hopkins waliitambua protini moja iliyokuwa ikionekana katika saratani kali za matiti kuwa ni kimeng'enya cha kutengenezea mafuta, na toka hapo watu wanatafuta dawa ya kukifunga. Mwaka 2011 kikaonekana kimeng'enya kingine, cha kutengenezea serini, mojawapo ya asidi za amino zinazojenga protini, ambacho huzidi katika uvimbe usiotegemea homoni. Na mwaka 2018 ikaonyeshwa kwa panya kwamba kupunguza asparajini, asidi ya amino nyingine, huzuia saratani isitembee. Haya ni mazuri na yanaleta matumaini, ila hakuna mgonjwa anayepaswa kuuza shamba kwa ajili yake leo.

Nataka badala yake kuwapeleka kwenye chupa moja ndogo. Dawa zote za homoni nilizozitaja hazina maana isipojulikana kama uvimbe una vipokezi vya estrojeni, na hilo hujulikana kwa kipande cha nyama kinachokatwa kwenye titi na kutiwa katika formalini, maji ya dawa ya kuihifadhi nyama. Nyama hiyo isipotiwa humo ndani ya saa moja, vipokezi huanza kuharibika. Formalini ikiwa kidogo kuliko mara 10 ya nyama yenyewe, haipenyi. Nyama ikikaa humo chini ya saa 6 au zaidi ya saa 72, kipimo hakiaminiki. Kipande kilichoachwa juu ya meza toka asubuhi hata mchana kwa sababu mtu wa kukipeleka maabara hakuonekana kinaweza kuandikiwa kwamba hakina vipokezi, ilhali kilikuwa navyo, na mwanamke huyo akanyimwa tamoksifeni maisha yake yote, kidonge cha bei ndogo ambacho pengine kingemponya. Mashine za mamilioni haziwezi kuitengeneza nyama iliyokwisha kuharibika.

Basi naziomba hospitali zetu kuu, Ocean Road ya Dar es Salaam, Kenyatta ya Nairobi, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, zishirikiane kuwapima endoksifeni wanawake wetu wanaotumia tamoksifeni, ili ushahidi juu yetu utoke kwetu. Nawaomba wauguzi wa chumba cha upasuaji waandike juu ya kila chupa saa ambayo nyama ilikatwa na saa ambayo ilitiwa formalini. Na wewe mama, au wewe mume, kaka au binti wa mama huyo, siku ya kupokea majibu usiondoke kabla ya kuuliza mambo matatu: je, uvimbe una vipokezi vya homoni? Je, dawa niliyoandikiwa ni ya mwanamke anayeona hedhi au ya aliyekoma? Je, inapatana na dawa nyingine ninazotumia? Omba majibu yaandikwe, na karatasi hiyo ihifadhi pamoja na vyeti vyako vya thamani.